Vipele vya Mama

Siku Mama alipoamka na vipele usoni, nyumba nzima ilishangilia kama tumepata mtoto. Mjomba alipiga makofi. Mimi nilimnyanyua mwanangu nikazunguka naye sebuleni mpaka akacheua maziwa begani kwangu. Mama mwenyewe alikaa mbele ya kioo cha kabati, akigeuza shavu hili kisha lile, akivigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, anatabasamu kama msichana aliyepakwa poda kwa mara ya kwanza.

"Hiki cha puani kimeiva vizuri," alisema. "Mnakiona?"

"Tunakiona, dada," Mjomba akajibu. "Sura imeharibika kabisa. Hongera sana."

Jirani angechungulia dirishani wakati ule angetuona wehu. Lakini vipele vile tulikuwa tumevisubiri kwa hamu, na ili nieleweke inabidi nianze na mama mdogo.

Mama mdogo ni kitinda mimba wa kwao, na ni daktari bingwa wa saratani ya mapafu. Mama ndiye kifungua mimba. Katikati yupo Mjomba, ambaye husema aliwekwa pale ili dada zake wasipigane. Mama aliacha shule mapema akakalia cherehani, akashona sare za watoto wa watu mpaka mdogo wake akavaa koti jeupe. Jambo hilo halisemwi nyumbani kwetu. Linajulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mlango wa jikoni haufungi mpaka uunyanyue kidogo.

Utafiti wa kwanza wa mama mdogo ulihusu dawa iliyokuwa ikitolewa kwa wazee wenye saratani ya mapafu. Ulimla miaka. Ulipokwisha, jina lake likatoka kwenye jarida la madaktari, nasi tukamfanyia karamu na kualika majirani. Yeye alikaa pembeni, kashika soda yake hanywi. Mjomba akamuuliza mbele ya watu, "Haya Daktari, tuambie. Umegundua nini?"

"Nimegundua haisaidii."

"Nini haisaidii?"

"Hiyo dawa."

Mjomba alitutazama sote, kisha akamrudia. "Miaka yote hiyo umegundua kitu hakifanyi kazi? Si ungekuja kwangu? Redio yangu ile pale, haifanyi kazi, na nimeligundua hilo bila hata darubini."

Watu waliangua kicheko, naye akacheka, lakini hakumwacha bila jibu. "Kaka, kuna wazee walikuwa wanatapika kila siku kwa ajili ya dawa ile. Sasa hawatatapika bure." Nilikuwa mtoto wa shule. Sikujua kama ile ilikuwa habari njema au mbaya, na mpaka leo nikiifikiria huwa nabaki njia panda.

Utafiti wa pili ulikufa. Ndivyo alivyosema mwenyewe, "umekufa," kama anazungumzia mtu. Wagonjwa waliojiunga walikuwa wachache, kisha wakaanza kuacha katikati, leo huyu, kesho yule, hadi waliobaki hawakutosha kuonyesha lolote. Haikujulikana kama dawa inasaidia, wala haikujulikana kama haisaidii. Huo ndio uliomkondesha. "Ndiyo naiweza," alimwambia Mama siku moja wakichambua mchele, "na hapana naiweza. Ila watu wajitolee miili yao, halafu nisiwe na cha kuwaambia! Hilo ndilo nisiloliweza."

Huu ni wa tatu. Na kabla haujafika nusu, Mama akaanza kukohoa.

Mama hajawahi kushika sigara, hata ya kumshikia mtu. Mama mdogo alipoiona picha ya kifua chake alikaa chini kwenye ngazi za hospitali na koti lake jeupe, watu wakimzunguka kupita. Saratani ilikuwa imeshatoka ilipoanzia na kusambaa. Hakumtibu yeye. Alisema haruhusiwi, na hata angeruhusiwa, mikono ingemtetemeka. Akamkabidhi kwa mwenzake, ambaye sisi tunamwita Daktari Mrefu kwa sababu huinama akipita mlango wowote, hata usiomgusa. Daktari Mrefu ndiye aliyemweleza Mama matibabu yaliyopo, kisha akamweleza kuhusu utafiti, akasisitiza yuko huru kukataa.

"Nikatae kazi ya mdogo wangu?" Mama alisema. "Niandike, baba."

Utafiti wenyewe uko hivi. Kila mgonjwa anapata dripu ile ile ambayo angeipata hospitali yoyote. Juu ya dripu, kila asubuhi anameza kidonge cheupe. Nusu ya wagonjwa kidonge chao kina dawa mpya. Nusu nyingine chao hakina kitu, ni kidonge tupu, ila kinafanana na kile kingine kwa rangi, kwa umbo, hata kwa ule uchungu wake ulimini. Kompyuta ndiyo iliyowagawa watu. Mgonjwa hajui yuko upande gani. Nesi hajui, Daktari Mrefu hajui. Na mama mdogo, mwenye utafiti wake, hajui. Wanaojua ni watu wachache wa ofisi nyingine, ambao kazi yao ni kujua na kunyamaza.

"Ngoja," Mjomba alisema siku tulipoelezwa. "Wewe ndiye mpishi, chungu chako, moto wako, na hujui umepakua nini?"

"Nikijua, macho yangu yataanza kuona ninachotaka kukiona. Yule niliyempa dawa nitamwona amenenepa hata kama amekonda."

"Basi tutajuaje sisi?"

"Hamtajua, kaka. Mpaka mwisho."

Mjomba akatikisa kichwa. "Elimu hii! Mtu anasoma miaka ishirini ili asijue, halafu analinda asijue."

Lakini sisi tulikuwa tumeshajua namna ya kujua, au ndivyo tulivyodhani. Siku ya kwanza nesi alitutajia madhara ambayo dawa mpya huweza kuleta, na moja lilikuwa vipele vya usoni na kifuani. Mama alilishika hilo kama mtu anavyoshika namba ya gari. Dawa ina vipele. Kidonge tupu kitatoa wapi vipele? Kila asubuhi akawa anajitazama kwenye kioo. Ndiyo maana vilipotoka tulishangilia.

Sikuwa nimemwona Mama vile tangu augue. Aliimba akikunja nguo. Alimpakata mwanangu akamnong'oneza, "Bibi yako anameza dawa ya kweli, unasikia?" Nami niliamini. Ninanyonyesha, nalala vipande vipande, na jioni nakimbilia masomo. Mtu wa namna hiyo akipewa tumaini halichunguzi, analibeba mgongoni na safari inaendelea.

Siku ya dripu Mama alijipamba. Usoni tu hakujipaka hata mafuta, asije akavificha vipele.

Chumba cha dripu kina viti vikubwa vya kuegemea vilivyopangwa mviringo, kwa hiyo wagonjwa hukaa wakitazamana saa nzima, na wamekuwa kama watu wa barza moja. Kando ya Mama hukaa mzee mwembamba ambaye ana kibanda cha kutengeneza saa karibu na hospitali. Wote humwita Fundi Saa, naye humwita Mama "Mama Cherehani". Hutaniana tangu sindano inaingia mpaka inatoka. Pale kujiunga na utafiti si siri: kila mmoja anajua nani anameza kile kidonge.

"Mama Cherehani, leo umeng'atwa na nyuki?" Fundi Saa alianza.

"Nyuki mwenyewe! Hii ndiyo dawa, mzee. Hukusikia nesi alivyosema? Vipele ndiyo dalili. Mwili umeipokea." Akamgeukia vizuri. "Wewe huna?"

Fundi Saa akajipapasa shavu. "Mimi sina."

"Hata kifuani?"

Akachungulia ndani ya shati. "Hakuna."

"Uso kama sahani iliyooshwa!" Mama akacheka. "Pole, mzee mwenzangu. Wewe wamekupa unga."

Ulikuwa utani. Naye alicheka, tena sana. Lakini nilimwona mama mmoja upande wa pili akitoa kioo kwenye mkoba wake, akajitazama, akakirudisha polepole. Mwingine akapitisha kiganja kwenye paji la uso. Utani ukaishia hapo, nikadhani wamechoka.

Safari iliyofuata kiti cha Fundi Saa kilikuwa kitupu. Cha yule mama wa kioo pia. Mama alimuuliza nesi, na nesi, ambaye kwa kawaida hujibu kwa mizaha, alisema tu, "Wamebadilishiwa zamu ya dripu, wanakuja siku nyingine. Vidonge wamesema hawataki tena." Kisha akamtazama Mama usoni muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Jioni hiyo mama mdogo alikuja kwetu bila kupiga simu. Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule na mkoba wake begani.

"Dada, umewaambia nini watu kule?"

"Nimewaambia nini?"

"Kuhusu vipele."

"Si nimesema ukweli tu?"

"Ukweli gani, dada? Ule ukweli umeutoa wapi?"

Mama akaonyesha uso wake kwa kidole, kama mtu anayeonyesha kitambulisho.

Mama mdogo akavuta pumzi, ndipo akakaa. Aliongea taratibu, kwa sauti ambayo nadhani huitumia kwa wagonjwa. Alisema wanaopata dawa mpya si wote wanaotoka vipele. Akasema pia kila mgonjwa pale, kabla ya dripu, hupigwa sindano ya kuzuia kutapika na mzio, na sindano ile yenyewe, kwa baadhi ya watu, huleta vipele vya namna hiyo hiyo.

"Kila mtu anapigwa?" niliuliza.

"Kila mtu."

"Kwa hiyo hivi vyangu ni vya nini?" Mama akauliza.

"Sijui."

"Wewe? Hujui?"

"Sijui, dada. Vinaweza kuwa vya dawa, vinaweza kuwa vya sindano. Ndiyo maana tunaficha, ili watu wasianze kusomana nyuso. Wameshaacha wanne tangu ile siku. Wakiacha wengine kadhaa tu, huu nao unakufa kama ule wa pili."

Mama aliinua mkono kugusa shavu, ukaishia hewani, akaushusha.

Baada ya hapo vipele vyenyewe vikaanza kukauka. Ngozi ya Mama ikarudi laini, nami, Mungu anisamehe, nilichukia kuiona. Nilimtazama akinawa nikawa sielewi hata nitamani nini: vitoke tena aumie, au aendelee kupona uso tukae gizani.

Kisha asubuhi moja nilimpelekea maji ya kunywea kidonge, akanirudishia glasi ikiwa imejaa.

"Hujameza, mama."

"Unga naupika. Siumezi mkavu."

"Lakini mama mdogo amesema..."

"Mama yako mdogo amesema hajui. Mimi nimemwelewa. Dripu nitaenda, ile naiona inaingia. Hiki sikitaki." Akakirudisha kwenye kichupa, akafunga kifuniko.

Kesho yake vilevile. Keshokutwa vilevile. Nilibembeleza, nikakasirika, nikalia. Mjomba alijaribu kwa upande wake: "Dada, sasa kama ni unga si ule tu? Unga umemdhuru nani?" Mama akamwambia ameze yeye.

Nikambeba mwanangu nikaenda hospitali kumwona mama mdogo ofisini.

Chumba chake ni kidogo kuliko watu wanavyofikiri. Meza, viti viwili, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na mfano wa mapafu ya plastiki unaofunguka katikati kama kitabu. Mwanangu aliyaparamia mara moja. Mama mdogo alikuwa amevua viatu chini ya meza. Nilimweleza yote, kisha nikasema nililokuja kusema.

"Fungua siri. Mwambie ni dawa au si dawa. Nesi alisema kuna namba ya simu, daktari akipiga anaambiwa."

"Ni ya dharura. Mgonjwa akizidiwa, tujue alichokuwa anameza."

"Hii si dharura? Hamezi!"

Alichukua nusu ya mapafu kutoka mikononi mwa mtoto, akampa kifuniko cha kalamu, akamnyang'anya na hicho asije akakimeza. "Sikiliza, mwanangu. Mgonjwa akifunguliwa, anatoka kwenye utafiti. Akitoka, hapewi tena vidonge. Viwe dawa, viwe unga."

"Yaani nikijua kwamba ni dawa, ananyang'anywa hiyo dawa?"

"Ndiyo."

"Na nikijua ni unga?"

"Ananyang'anywa unga."

Nilijaribu kuupanga ule mkasa kichwani, huku na huku, kama mtu anayejaribu kupitisha kitanda mlangoni. Kila nilivyougeuza haukupita. "Na picha yake ya mwisho?" niliuliza. "Inasemaje?"

"Daktari Mrefu ameshawaambia. Doa la juu limepungua. La chini liko vilevile."

"Hiyo ni dawa au dripu?"

Akanitazama. Sikuwahi kumwona mama mdogo akinitazama vile, yeye ambaye tangu utotoni mwangu ndiye mtu wa majibu. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. "Unadhani sijiulizi?" alisema. "Nimewaeleza watu jambo hili maisha yangu yote. Wake za watu, watoto wa watu, na wananielewa, wanashukuru, wanaondoka. Nikijieleza mwenyewe sielewi."

Jumamosi mchana alikuja nyumbani, simu mkononi. Mama alikuwa amekaa kitandani na mito nyuma yake, maana siku hizo pumzi ilikuwa ikimkatikia akilala chali. Mimi nilikaa miguuni.

"Dada," mama mdogo alisema, "nimefikiri. Si huvimezi? Basi ukitoka hupotezi kitu. Nitamwambia Daktari Mrefu apige ile namba. Atakubali, kwa sababu ni mimi ninayemwomba. Utajua."

Ndilo nililoliomba.

Mama alimtazama mdogo wake. "Na wale wengine walioacha, umewafungulia?"

"Hapana."

"Kwa nini mimi?"

Jibu lilikuwa lile lisilosemwa nyumbani kwetu.

"Haya," Mama akasema. "Tuseme umepiga. Wamekwambia ni unga. Utakuja hapa nilipo, unitazame machoni, uniambie, dada, ulikuwa unameza unga?"

"Nita..." Mkono wa mama mdogo ukapanda wenyewe sikioni.

"Mwone! Anakuna sikio!" Mama akageukia kwangu, nusu anacheka, nusu anakohoa. "Tangu ana meno ya maziwa, huyu akitaka kudanganya anakuna sikio. Alivunja sahani zangu akakuna sikio. Sasa, Kitinda, ukija ukaniambia ni dawa, nitajuaje kama ni dawa kweli au umenionea huruma? Si nitakuwa pale pale? Tena pabaya zaidi, maana sasa hivi hata wewe hujui, kwa hiyo huwezi kunidanganya."

Mama mdogo alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati, akaweka simu kitandani. Mwanangu akaivuta akaanza kuilamba. Mimi nilitaka kupiga kelele kwamba namba ipo, daktari yupo, kinachokosekana ni mtu mmoja tu wa kubonyeza. Mama alikuwa amekosea mahali, niliona, ila sikujua mahali penyewe.

"Yule Fundi Saa," Mama akasema. "Amerudi?"

"Kwenye dripu anakuja. Vidonge ameacha."

"Kamrudishe."

"Siruhusiwi kumsukuma, dada. Ana haki ya kuacha na asiulizwe sababu. Milango iko wazi, siku hazijawa nyingi, akitaka mwenyewe anarudi. Lakini atake mwenyewe."

"Wewe huruhusiwi. Mimi si daktari wake. Mimi ni mtu niliyemtukana uso." Akashusha miguu kitandani. "Binti, nipe gauni langu la kijani. Na kile kichupa."

Mama mdogo alibaki na mtoto. Sisi tulikwenda polepole, tukipumzika kwenye kila ukuta uliokuwa na kivuli. Njiani nilimuuliza Mama anakwenda kumwambia nini. Akasema hajui, atajua akifika. Nikamuuliza kichupa ni cha nini. Akasema nisimwongeleshe, anatafuta pumzi.

Kibanda cha Fundi Saa ni upana wa meza yake. Saa za ukutani zilikuwa zimening'inia kila upande, kila moja na wakati wake. Alikuwa ameinama, kioo cha kukuzia jichoni, na hakuinua kichwa.

"Kama ni betri, subiri kidogo."

"Si betri. Nimekuja kurudisha maneno yangu."

Hapo akainua kichwa, kioo kikadondokea mkononi. "Mama Cherehani! Kaa, kaa, utaanguka hapo." Akatoa kiti chake mwenyewe. Kisha akamsogelea na kumchunguza. "Vipele viko wapi?"

"Vimekwenda. Tazama, sahani." Mama akavuta pumzi. "Mzee mwenzangu, nilisema uongo bila kujua. Vile vipele hata sindano inavileta. Mimi sijui ninameza nini. Wewe hukupewa unga. Yaani labda umepewa, labda hukupewa. Sijui. Hilo ndilo nimekuja kusema."

Fundi Saa alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Mimi si vipele vilivyonitoa," alisema. "Watu wazima tunajuana. Yule daktari ni ndugu yako. Ulipotuonyesha uso wako nikasema basi, mambo ndiyo hayo. Ndugu wa daktari atapewaje unga? Dawa za kweli zimekwenda kwa wenyewe, sisi wengine tumewekwa tuhesabike. Nikawa kila asubuhi nakitazama kile kidonge naona kinanicheka."

Niliona limemwingia Mama. "Tumbo moja," alisema. "Nimemlea kwa mkono huu. Na hajui. Leo hii, kabla sijaja hapa, alitaka kunifungulia niambiwe."

"Na wamekwambia?"

"Nimekataa."

"Umekataa?" Fundi Saa akanigeukia mimi. "Mama yako ana wazimu?"

"Hata mimi sielewi," nilisema, na ilikuwa kweli tupu.

"Nina wazimu kidogo," Mama akasema. "Na mimi pia nilikuwa nimeviacha, tusidanganyane. Sikuja kukubembeleza. Ukitaka acha, ni mwili wako." Akafungua kichupa, akatoa kidonge kimoja, akakiweka kiganjani. Alikitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyejua ametumwa na nani. "Una maji hapa?"

Fundi Saa alinyanyuka, akapekua kwenye rafu nyuma ya saa mbovu, nikasikia vidonge vikitikisika ndani ya kichupa kama cha Mama, akakiweka mezani. Akatoka nje kwenda bombani. Mama alifumba macho akisubiri, kidonge kimelala pale kiganjani, cheupe, kimya, na mimi nikawa nakisihi moyoni bila kujua ninakisihi kiwe nini.

Fundi Saa alirudi na vikombe viwili.

"Kimoja ni cha binti yangu?" Mama akauliza.

"Binti yako mzima wa afya," Fundi Saa alisema, akikaa kwenye ndoo yake na kufungua kichupa chake. "Akanunue maji yake."